Nyonga Yangu na Kibanda cha Njia Panda

Kama umeambiwa juzi kwamba una kifua kikuu cha nyonga, najua swali lako la kwanza, maana lilikuwa langu pia: kifua kimefikaje huku chini? Nilimuuliza daktari nikiwa nimelala juu ya meza yake, naye akacheka mpaka akavua miwani. Hakunijibu nikaelewa, na miaka yote hii imepita bado sielewi, kwa hiyo sitajaribu kukueleza. Nitakueleza mambo ambayo daktari hakuyajua, kwa sababu yeye alikuwa akifika hospitali kwa gari.

Naitwa Subilaga. Nilizaliwa Nkunga, nikaolewa upande wa Masukulu, na kazi yangu ilikuwa cherehani. Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Sisi hatukuhamishwa kama tulivyosikia kwa wenzetu, maana nyumba na migomba yetu vilikuwa vimebanana tayari. Tulipewa mwenyekiti, ubao wenye jina la kijiji, na kazi za kujitolea kila Jumamosi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto mmoja wa kike aitwaye Tupo, na mume wangu Asajile, mtu mpole anayependa amani kuliko chakula. Maumivu yalianza wakati wa kupalilia mahindi. Nilidhani nimekanyaga vibaya. Kufikia mavuno nilikuwa nachechemea, na majirani walishagawanyika: nusu wanasema nimerogwa, nusu wanasema naringa.

Hospitalini Tukuyu walinifunga plasta kuanzia chini ya matiti mpaka kisiginoni. Nililala hivyo tangu ukungu wa Juni mpaka mvua za Novemba, kila asubuhi sindano, kila mchana dari. Nililijua lile dari vizuri kuliko sura ya mume wangu. Muwasho ndani ya plasta usiusikie kwa mtu. Nilikuwa najikuna kwa njiti ya fagio niliyoiba, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akiniomba zamu. Siku walipoikata plasta, niliuona mguu wa mtu mwingine: mwembamba, wenye magamba, umeota vinyweleo kama wa mwanaume. Niliomba futi yangu ya kushonea kwenye kikapu. Nesi alidhani nimepungukiwa akili. Nikapima mguu wa kulia, nikapima wa kushoto, nikakuta umepungua inchi mbili kasoro kidogo. Nililia sana. Lakini niseme ukweli, nilikuwa nimetulia kidogo pia, kwa sababu sasa nilijua ni kiasi gani, na nguo iliyopungua inchi mbili mimi najua la kuifanya.

Kisha nikaruhusiwa kwenda nyumbani kwa magongo mawili, na hapo ndipo ugonjwa wangu hasa ulipoanza. Nesi mkuu wa chumba cha sindano, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mwalimu, alinikalisha akanieleza. Sindano zilikuwa zimebaki za mwaka mzima, Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi, hapo hapo mjini.

"Sikiliza, mama," aliniambia. "Wadudu hawa ukiwapiga nusu wanarudi na hasira. Ukianza kukosa kosa, nyonga itaoza, na hatutakuwa na la kufanya. Utatambaa mpaka kufa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Tupo alikuwa na miaka mitatu, naye ndiyo kwanza anaacha kubebwa. Sikutaka sisi wawili tubadilishane.

Sasa fikiria safari yenyewe. Kutoka kwetu mpaka Njia Panda, mahali basi linaposimama, ni njia ya miguu inayoshuka kati ya migomba, inavuka kijito juu ya magogo mawili, kisha inapanda. Mtu mzima anatembea kwa nusu saa. Mimi na magongo yangu tulikuwa tunatumia saa moja na robo, na wakati wa mvua ule udongo wetu unateleza kama sabuni. Nilianguka mara nyingi. Mwanzoni nilikuwa naanguka na kulia, baadaye nikawa naanguka na kuangalia. Kwa nini nimeanguka hapa na si pale? Nikagundua ninaanguka mahali ambapo njia imelalia upande wa kushoto, ulio upande wa mguu mfupi. Na magogo ya kijitoni yalikuwa na nafasi katikati inayotosha kabisa ncha ya gongo kuzama. Nani aliyapanga hivyo? Hakuna aliyeyapanga, yalitupwa tu, na watu wenye miguu miwili hawakuwa na sababu ya kuyatazama.

Udadisi huo ulinipata kama ugonjwa wa pili. Siku ya kwanza nilipofika mbele ya basi, niliiona ngazi ya mlango wa nyuma, nikachomoa futi shingoni nikaipima palepale. Inchi ishirini na mbili kutoka ardhini.

"Mama, unalishonea suruali?" kondakta akaniuliza, na abiria wote wakacheka.

"Nataka kujua lilitengenezewa nani, ndugu yangu," nikamjibu. "Twiga?"

Aliyenipandisha siku hiyo alikuwa Bwana Salum, mwenye duka la pale Njia Panda, mtu wa dini ya Kiislamu ambaye baba yake alikuja kwetu na biashara ya chumvi na nguo. Alitoka na kreti la soda, akaliweka chini ya ngazi, na ishirini na mbili ikagawanyika. Tangu siku hiyo kreti lilikuwa linanisubiri. Kama na wewe unaumwa, mtafute mtu wako wa kreti mapema. Usione haya. Watu wengi wanataka kusaidia ila hawajui wakamate wapi.

Lakini bado sijasema habari ya kibanda.

Pale Njia Panda kijiji kilikuwa kimejenga kibanda cha kusubiria basi, kwa kujitolea, tofali za kuchoma na bati. Kilikuwa kizuri. Kuta tatu zimefungwa, mbele wazi, benchi moja refu limezunguka ndani. Nasi tulikuwa na tabia moja ambayo mgeni hawezi kuielewa: mvua inanyesha ya kumwagwa, na nusu ya wasafiri, wanawake na watoto migongoni, wako nje wamejikinga kwa majani ya migomba, wakati ndani ya kibanda wamekaa wazee wanne wanakunja tumbaku. Mimi mwenyewe nilisimama nje miaka yote kabla sijaugua, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilikuwa najua tu kwamba mtu haingii.

Mguu ndio ulionilazimisha kuingia, na nilipoingia ndipo nikajua. Ilikuwa Alhamisi ya pili. Mvua ilikuwa inakuja kutoka mlimani, mikono imechoka kwa magongo, kibanda kitupu, nikakaa benchi la ndani kabisa kwenye kona. Nilikuwa ndiyo nasema asante Mungu, nikaona kivuli mbele. Baba mkwe wangu.

Kwetu Wanyakyusa mke na baba mkwe hawaonani uso. Si ugomvi, ni heshima, na ni kali. Humtazami, humsemeshi, hulitaji jina lake, na hata maneno yanayofanana na jina lake unayakwepa. Ndiyo maana hata hapa siliandiki. Mkikutana njiani, mke anatoka njiani, anaingia migombani, anainama na kugeuza uso mpaka mzee apite. Kanisa lilikuwa limeanza kusema mambo hayo yapunguzwe, na wengine walipunguza. Baba mkwe hakupunguza hata kidogo. Alikuwa mtu mkali, mrefu, mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo ya mjini, na baraza lilikaa kila Alhamisi. Kumbe ndiyo hiyo siri ya kibanda chetu kizuri: kuta tatu na mlango mmoja. Mwanamke akiingia, na baba mkwe wake akitokea mbele, hana pa kutokea. Wanaume walikijenga, wakakisifia, na kila mwanamke wa kijiji alikitazama mara moja akakiona kuwa ni mtego.

Nilijifunika kanga kichwani, nikageukia ukutani mpaka pua ikagusa tofali. Nilisikia amesimama. Kisha nikasikia miguu yake inarudi nyuma, na mvua ikaanza kupiga kofia yake. Tulikaa hivyo, mimi nanusa tofali, yeye analoa. Basi likaja likapiga honi.

"Gwe Salum!" nikamsikia anaita kwa Kiswahili chake kizito cha Kinyakyusa. "Mwambie delefa, aliye ndani apande kwanza. Basi liende. Mimi sisafiri."

Nilipanda kwa kreti, kanga usoni, sioni hata ninapokanyaga. Njia nzima mpaka Tukuyu nilikuwa nataka kufa kwa aibu.

Habari ilinitangulia nyumbani. Jioni Asajile alikuwa amekaa na chakula hajakigusa.

"Mama Tupo, watu wanasema mzee amelowa kwa ajili yako," akasema. "Wanasema umeng'ang'ania kibanda."

"Nilikuwa nimekaa. Ningekimbia kwa miguu ya nani?"

"Sikulaumu." Akakisogeza chakula pembeni. "Lakini labda ungekuwa unakwenda Jumatatu tu. Alhamisi ni siku yake ya baraza. Sindano moja kwa wiki si ni sindano vilevile?"

Na mimi nikakubali. Hili ndilo kosa langu, nalisema wazi ili wewe usilirudie. Sikukubali kwa kulazimishwa. Nilikubali kwa sababu niliona ni adabu, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayepishwa. Nikakosa Alhamisi mbili. Wiki ya tatu maumivu yalirudi mahali palepale, yale ya ndani kabisa yanayokuamsha unapojigeuza, na nikapata homa. Jumatatu ile nesi mkuu alisoma kadi yangu, akaiweka mezani taratibu. Afadhali angepiga kelele.

"Ulikuwa wapi Alhamisi?"

Ungemjibu nini? Nilikuwa namheshimu baba mkwe. Nilimwambia hivyohivyo. Yeye alikuwa Mnyakyusa mwenzangu, kwa hiyo hakucheka.

"Mkwe wako ana mguu mwingine wa kukupa?" akauliza. "Ukikosa tena, mama, usinitafute mimi kunililia."

Niliporudi nilimwambia Asajile kwamba Alhamisi nakwenda, hata kama kijiji kizima kitahamia Kyela. Alitikisa kichwa, kisha akakubali, na nikaona ameogopa. Tulikuwa hatujawahi kugombana, tukagombana mwezi ule mara nyingi, kuhusu vitu vidogo, kuni, chumvi, kitanda. Ugonjwa hauwaumizi watu mahali pamoja, na mara nyingi mwenye afya hana hata pa kuonyesha panapomuuma. Hilo nilikuja kulielewa baadaye.

Alhamisi hiyo nilifika Njia Panda. Baba mkwe hakuwepo. Alhamisi iliyofuata hakuwepo. Ya tatu pia. Nilianza kudhani ameacha baraza kwa hasira, na kijijini walikuwa wanaliamini hilo. Lakini mimi siwezi kukaa na jambo nisilolijua. Nikamvizia Salum akiweka kreti.

"Bwana Salum, yule mzee wa baraza anasafiri siku gani siku hizi?"

Aliangalia pembeni. "Unauliza ya nini, Mama Tupo?"

"Nauliza kwa sababu nauliza."

"Anapita hapa kukicha tu, wakati mimi natoka kuswali. Anakwenda kwa miguu."

"Mpaka Tukuyu?"

"Mpaka Tukuyu. Na jioni anarudi kwa miguu. Nilimwambia, mzee, si upande basi linalofuata? Akasema linachelewa, baraza linaanza. Nikamwambia basi panda hili hili, kaa mbele kwa dereva. Akasema, 'Hapo kibandani sisi wawili hatuenei. Yule mtu ana sindano, mimi nina miguu.'"

Nilikaa juu ya kreti nikalia mbele ya abiria. Sikuwa najua kwamba ananijua hata kidogo. Miaka sita niko kwenye ukoo wake, sijawahi kuiona sura yake, wala yeye yangu, na kumbe alikuwa anajua siku za sindano zangu. Mtu wa miaka karibu sabini, milima yote ile, kwa ajili ya kibanda chenye mlango mmoja! Nilikasirika pia, siwezi kuficha. Sikumkasirikia yeye wala kanisa wala mila. Niliyakasirikia matofali.

Masika yakapita na sindano zangu zikafika nusu. Wakati wa baridi akaja bwana maendeleo wa wilaya, kijana wa Tanga mwenye baiskeli na daftari, akaitisha mkutano shuleni. Alikuwa amepita Njia Panda siku ya mvua akawaona wanawake nje.

"Ndugu wananchi," alisema, nasi wanawake tulikuwa tunasikiliza kutoka nje madirishani, "mmejenga kibanda cha mfano. Wilaya inataka kingine hivyo hivyo kule sokoni. Lakini mama zetu hawakitumii. Ni elimu, ndugu zangu. Lazima tuwaelimishe faida ya kukaa penye bati."

Wanawake tuliangaliana. Nani angesema? Ndani ya lile darasa mlikuwa na baba mkwe wa kila mmoja wetu. Lakini mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeshona kibanda. Usicheke. Nilichukua mabaki ya kaki ya sare za shule, nikakata kuta, nikazipa ugumu kwa maboksi ya sabuni, nikashona benchi la ndani kwa pamba, nikatia paa linalofunguka kwa vifungo ili mtu aone ndani. Kila inchi moja yangu ilikuwa futi moja ya kweli. Na ukuta wa nyuma niliutia mlango wa pili, na katikati nikashona pazia gumu, yaani ukuta mfupi unaokata kibanda pande mbili. Mbele, mahali basi linaposimama, niliweka kijukwaa.

Asajile alisimama mbele ya wazee akiwa amekishika kwa mikono miwili. Mtu mpole yule, jasho lilikuwa linamtiririka na baridi ya Julai. "Nyumbani kwangu kuna mtu amenituma nilete hiki," akasema.

Kicheko kilichopigwa! Mtu mmoja akauliza kama kina na mfuko wa kuwekea kalamu. Bwana maendeleo naye akatabasamu, akataka kuendelea na elimu yake. Ndipo nikasikia sauti ninayoifahamu kwa mgongo.

"Lete hapa."

Nilichungulia kwa chini, nikaona mikono tu, mikubwa, yenye makovu ya panga, inafungua vifungo vya paa kimoja kimoja. Alikigeuza. Akaingiza kidole mlango wa mbele, kikatokea wa nyuma.

"Mlango huu wa nyuma ni wa nani?" akauliza.

"Ni wa kutokea, baba," Asajile akajibu. "Mtu akiingia mwingine ambaye... mwingine."

Hakuna aliyecheka sasa. Niliwaona wanaume wanavyoelewa, mmoja mmoja. Bwana maendeleo peke yake ndiye aliyebaki nje ya jambo, akimwuliza mwenyekiti kwa kunong'ona, na mwenyekiti akimnong'oneza, mpaka kijana akasema "Ala!" kwa sauti na kuanza kuandika.

"Tulipokuwa tunajenga," baba mkwe akasema, "hatukumwuliza mtu yeyote anayesubiri basi. Tulijiuliza sisi." Kisha akabonyeza benchi la pamba. "Na la kweli liko juu mno. Hata mimi na urefu huu nikikaa miguu inaning'inia kama ya mtoto. Nani alipima lile benchi?"

Fundi aliyelipima alikuwepo, akaanza kujitetea, na hapo mkutano ukafunguka. Kumbe kila mtu alikuwa na lake! Mmoja hana pa kuegesha mkungu wa ndizi. Mwingine haoni basi likija kwa sababu ya ukuta wa kushoto, na macho yenyewe hayamsaidii. Salum akasema mtaro wa mbele ya kibanda unawaangusha wajawazito, yeye mwenyewe amewaokota wawili. Nje madirishani wanawake nao walianza kuita, bila kumtazama mtu, wanaliambia paa la shule: njia ya kijitoni! magogo! Nilikuwa nimekuja kuomba mlango mmoja.

Jumamosi sita zilitosha. Walitoboa mlango kwenye ukuta wa nyuma, wakajenga ukuta wa katikati, wakalishusha benchi mpaka inchi kumi na sita. Mbele wakapanga jukwaa la mawe la inchi kumi na moja, Salum akapumzisha kreti lake. Kijitoni waliondoa magogo, wakaweka mbao zilizobanana na mti wa kushikilia upande mmoja. Mimi nilikaa juu ya jiwe na futi yangu na Tupo mapajani, natumwa kupima, na kila mwanaume aliyekuja kuchukua kipimo alikuwa akiniita "fundi" kwa utani, kisha bila utani. Siku ambazo baba mkwe alikuja kufanya kazi, niliambiwa mapema, nikabaki nyumbani.

Baada ya hapo alirudi kwenye basi. Alhamisi alikaa upande wake wa ukuta, mimi upande wangu, anakohoa mara moja akifika ili nijue. Yeye anapanda mbele kwa dereva, mimi nyuma. Nasi hatukuonana. Hata njiani hatukukutana kamwe, jambo lililonishangaza, maana njia ni ile ile na mimi siwezi kurukia migombani. Nikachunguza. Kila baada ya hatua hamsini hivi, upande wa juu wa njia, mtu alikuwa amekata kijinafasi kwenye kingo, cha kutosha mtu mmoja kusimama. Nilidhani ni vyangu. Nikavipima: ngazi ya kuvipanda ilikuwa inchi kumi na tisa. Mtu wa magongo asingeweza. Vilikuwa vyake. Alikuwa akisikia magongo yangu kwenye mawe, ko, ko, yeye ndiye anayetoka njiani, anageuza uso wake, mpaka nipite. Mila inasema mke ndiye atoke. Aliigeuza bila kuuliza mtu.

Sindano ya mwisho nilichomwa mvua za kwanza zilipoanza tena. Nesi mkuu alipiga mhuri kwenye kadi, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akaniambia nisirudi. Picha ya eksirei ilionyesha ugonjwa wa nyonga umekauka. Haikunji vizuri mpaka leo, na siku za baridi inanikumbusha, lakini inabeba. Fundi viatu wa mjini alinitengenezea kiatu cha kushoto chenye soli ya tairi, inchi moja na nusu, na magongo nikayaacha hospitalini kwa mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikitembea mikono mitupu. Hujui mikono ni nini mpaka urudishiwe. Nilikuwa natembea huku nagusa majani ya migomba pande zote mbili, bila sababu yoyote.

Alhamisi moja, wiki kadhaa baadaye, nilikuwa napeleka nguo kwa Salum. Mvua ilikuwa imetulia, njia laini, na kiatu changu cha tairi hakina mlio. Nilikata kona pale juu ya kijito, na mbele yangu, umbali wa mkono, alikuwa amesimama baba mkwe.

Sikuinama. Nilisahau kabisa. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza maishani, nikaona Asajile amezeeka, na macho ya Tupo. Naye alinitazama. Aliangalia uso, akashuka mpaka kwenye kiatu cha tairi, akakitazama muda mrefu, akapanda tena. Kisha akageuza uso upande wa bonde, kwa heshima, kama inavyotakiwa, nami nikajifunika kanga.

"Sikukusikia," alisema.